Galaksi Zinazojificha Nyuma ya Kwasa

Kwasa ni kiini cha galaksi ya mbali ambamo shimo jeusi kubwa humeza gesi. Gesi hiyo, kabla ya kutumbukia, huzunguka kwa kasi, hupata joto kali na kutoa mwanga unaoweza kuzishinda nyota zote za galaksi yake. Mwaka 1963 mwanaastronomia Maarten Schmidt alibaini kuwa kwasa iitwayo 3C 273, iliyofanana na nyota ya kawaida, iko mbali mno nje ya Njia Nyeupe. Lakini galaksi inayoibeba kwasa ina sura gani?

Kuiona ni kama kumtambua dereva wa bodaboda usiku huku taa yake ikikupiga machoni. Angahewa nayo huzidisha tabu: hewa ya joto na ya baridi zikichanganyika, mwanga huyumba, na nukta ya kwasa hutapakaa juu ya galaksi yenyewe.

Dawa ilipendekezwa na Horace Babcock mwaka 1953. Kompyuta hupima jinsi mwanga wa nyota jirani ulivyovurugwa, kisha hukibonyeza kioo chembamba, mara mamia kwa sekunde, hadi picha itulie. Pasipo nyota angavu, leza huwasha sodiamu iliyo angani, kimo cha takriban kilomita 90, ing'ae badala yake.

Mwanaastronomia Scott Croom na wenzake, waliotumia mbinu hiyo, walitoa matokeo yao mwaka 2004. Kwa darubini ya Gemini Kaskazini, yenye kioo cha mita 8.1 kileleni Mauna Kea, Hawaii, walipiga picha kwasa 9 za mbali, kila moja ikiwa na nyota angavu kando yake. Picha zilitoka kali sana, ila kazi ngumu ilikuwa bado: kupima umbo la mng'ao wa kwasa kwa kutumia nyota nyingine, kisha kuuondoa. Umbo hilo hubadilika hewa inapobadilika, na kosa dogo laweza kuzaa galaksi isiyokuwepo.

Galaksi moja tu ndiyo iliyoonekana bila shaka. Imo katika kundi la Mashuke, na katikati ya Juni, mnamo saa tatu usiku, hupita karibu na utosi wa Songambele, wilayani Kyerwa, Tanzania, ingawa ni hafifu mno kwa macho. Mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka bilioni 10. Nusu ya mwanga huo hutoka ndani ya takriban miaka ya nuru 15,000 kutoka kiini.

Zile nane zilizobaki nazo hazikuwa kazi bure. Kwa baadhi yake, vipimo vilitosha kuonyesha kuwa galaksi angavu mno isingejificha.