Kabla Umpeleke Mzee Ocha: Vile Hutachezwa na Watu wa Mazishi Migori na Homa Bay

Simu ikiingia saa tisa usiku na ndugu yako aanze na "uko wapi?" kabla ya salamu, unajua tayari. Kabla hata chai ya asubuhi iive, kuna wengine pia wanajua. Mlinzi wa geti ameambia dereva, dereva ameambia fundi wa majeneza, na ukifika mochari unapata wote wanakungoja na pole nyingi. "Pole sana ndugu yangu. Mwili mnapeleka wapi?"

Hapo biashara imeanza, na wewe hujui imeanza.

Si ati kila mtu wa mazishi ni mwizi. Zii. Kuna wasee Migori town, Rongo, Oyugis na Homa Bay wamezikia watu miaka mingi na bado wanasalimiwa sokoni na zile familia. Shida ni kwamba mteja wa hii kazi huwa hajalala, analia, na anaona aibu kuuliza bei. Dala ikisikia ulibishana bei ya jeneza la babako, itasema hukumpenda. Broka anaijua hiyo aibu vizuri kukuliko, na ndiyo mtaji wake.

Kwa hivyo kabla ya kuchagua mtu wa mazishi, chagueni nani ataongea na yeye. Asiwe mjane. Asiwe kifungua mimba. Tumeni shemeji, binamu ama rafiki wa familia ambaye machozi yake hayako karibu. Aende na kalamu na kitabu, auze maneno yale yale sehemu tatu tofauti, na aandike kila jibu.

Mochari ndio inakula doh polepole, kwa hivyo anzia hapo. Kuuliza tu "siku moja ni ngapi?" haitoshi. Uliza siku yao inaanza saa ngapi. Uliza kama siku ya kuingia na siku ya kutoka zote zinahesabiwa. Kuosha, dawa ya kuhifadhi na kuvalisha ziko ndani ya hiyo bei ama ni kando? Mkileta jeneza la fundi wenu, kuna kitu mtaitishwa? Stima ikipotea, jenereta iko, na ina mafuta? Huyu wa mwisho akianza kucheka badala ya kujibu, hepa.

Tuseme wamekuambia ngiri moja kwa siku. Mkikaa wiki mbili mkichangisha, unapiga hesabu ya 14,000 na unalala. Alafu Ijumaa asubuhi, watu washavaa suti, unapewa karatasi ina dawa, kuosha, kuvalisha, "ya vijana" na siku moja ya ziada. Utafanya nini? Hema ziko dala, ng'ombe amechinjwa, askofu ako njiani. Utalipa. Nguvu yako yote ya kubishana iko siku ya kwanza, kabla mwili haujapokelewa. Ukishaingia, wewe ndio unaomba.

Mtu mwaminifu anajulikana hapo. Anakuandikia bei zote kwenye karatasi yenye muhuri bila kununa, na anakuambia hata zile vitu huhitaji. Tapeli hukuambia "hatutakosana, bosi, kwanza tulete mwili." Omera, mtakosana.

Na hizo wiki mbili zenyewe, nani alisema ni lazima? Raila Odinga alifariki India tarehe 15 Oktoba 2025, na tarehe 19 alikuwa ameshazikwa Bondo, kwa sababu alikuwa ametaka azikwe haraka, ndani ya saa 72. Kama Baba mwenyewe alizikwa hivyo, hakuna jaduong' atakuambia kuzika mapema ni dharau. Waislamu wa Kendu Bay wanafanya hivyo tangu zamani: sanda, jeneza la msikiti, udongo, mara nyingi siku hiyo hiyo. Kila siku mnayongoja mtoto wa Mombasa apate likizo, kuna mtu anawahesabia.

Lakini kuna haraka moja mbaya. Kama mtu amekufa kwa ajali, amepigwa, ama kuna mtu anashuku sumu, msikubali adungwe fomalini kabla daktari hajafanya uchunguzi wa maiti. Ile dawa inavuruga vipimo vya sumu, na kesi inaweza kufia hapo. Mtu wa mochari anayejua kazi atawauliza mapema kama polisi wako kwa hii story. Anayekimbilia sindano ili aanze kuhesabu pesa, huyo muogopeni.

Sasa gari. Hapa nina kidonda.

Tulikuwa tunampeleka mjomba wangu Ndhiwa, tumetoka Nairobi usiku. Mwenye gari tulikubaliana naye kwa simu tu, tukatuma nusu kwa M-Pesa. Saa kumi alfajiri tukafika Rongo, pale unaacha barabara ya Migori ndio uelekee Homa Bay. Dereva akapaki kando, akazima injini. Akasema bosi wake alimwambia mwisho ni Rongo, Ndhiwa ni bei ingine. Shangazi zangu huko nyuma wakaanza kuimba, wakidhani tumesimama kuomba. Sisi wanaume tulikuwa nje tunachanga kwa Fuliza za watu wanne, na mwili uko ndani. Ungefanya nini, ushushe mjomba kwa petroli stesheni?

Tangu hiyo siku, familia yetu haitumi hata bob kabla karatasi iandikwe: gari namba gani, inatoka wapi, inafika mpaka kijiji gani kwa jina, saa ngapi, mafuta ni ya nani, dereva analala na kula kwa pesa ya nani, na gari ikiharibika nani analeta ingine. Pesa ya mwisho inalipwa mwili ukishashuka dala. Na kama mnaenda Mfangano, muulize kabisa nani analipa boti na wale wa kubeba, kwa sababu gari inaishia majini Mbita, na hapo kila mtu anajifanya hajui.

Jeneza nitasema kidogo tu. Vanishi inaficha mengi. Pindua uangalie chini, kwa sababu juu inaweza kuwa mbao safi na chini ni plaiwudi nyepesi. Shika vishikio uvute kwa nguvu. Vingine ni urembo wa plastiki, na wabebaji wanafaa kujua mapema. Enda na kipimo cha marehemu. Nimeona watu wakipanua jeneza kwa nyundo matangani, na sitaki kuona tena.

Karatasi ndio watu husahau mpaka mwaka uishe. Aliyekufa hospitali hujaziwa fomu D1, aliyekufa nyumbani hujaziwa D2 na naibu wa chifu, na kutoka hapo ndio mnapata kibali cha mazishi. Broka atakuambia "hiyo niachie mimi." Kukusaidia kupanga foleni ni sawa, lakini kibali kikitoka, pigeni kopi na mmoja wenu aweke. Mtakihitaji kuomba cheti cha kifo, na bila cheti hakuna benki, hakuna sacco, hakuna shamba kuandikishwa upya. Kuna wajane wanazunguka maofisi sai kwa sababu kibali kilienda na dereva.

Bili ya hospitali nayo isiwafanye mkimbilie mkopo wa broka. Hospitali za serikali huwa na maofisa wa huduma za jamii. Waoneni, mweleze hali, muombe kupunguziwa ama kulipa polepole kwa maandishi. Mahakama Kuu ya Mombasa ilishasema mwaka 1998, kwa kesi dhidi ya Pandya, kwamba maiti si mali ya kushikiliwa kama dhamana ya deni. Deni linabaki, na hospitali inaweza kulidai kama deni lingine lolote. Kuna sehemu bado zinashikilia miili. Lakini ukiongea ukijua hilo, sauti yako haitetemeki.

Na kubalianeni mapema nani anasaini kutoa mwili. Mtu mmoja, jina lake liandikwe mochari, familia yote ijue. Kesi ya S.M. Otieno inajulikana: alifariki Desemba 1986, mke na ukoo wakapelekana kortini kuhusu atazikwa wapi, na akazikwa Nyalgunga, Siaya, mwezi wa Mei 1987. Yenu haitafika huko, lakini hata ugomvi wa siku nne wa bibi wa kwanza na wa pili unalipiwa kwa siku. Mtu wa mazishi mwaminifu hachukui upande. Anawaambia mkubaliane kwanza, hata kama yeye anakosa kazi. Anayempigia bibi mdogo simu kando kando akimwambia "saini haraka tutoke", huyo amewauza tayari.

Siku ya kutoa mwili, pelekeni wawili waliomjua vizuri, wajue kovu lake, jino lake, kidole chake. Pete na saa ziandikwe zilizoingia na zilizotoka. Jeneza lifunguliwe hapo mochari, mchana, kabla ya gari kuwashwa, waangalie uso. Miili imewahi kubadilishwa nchi hii, na familia nyingine hugundua watu wakiwa wamepanga laini dala kumuaga. Wakikwambia hakuna wakati wa kufungua kwa sababu gari imechelewa, gari ingoje.