Mlima mmoja, maji mawili: vinara wa safari za boti kutoka Kibati

Watu walikuwa wakija Kibati, karibu na Goma mashariki mwa Kongo, kupanda Nyiragongo, mlima wa mita 3,470. Walifunga kamba za viatu wakiwa wamelipa Ziwa Kivu kisogo. Lakini Nyiragongo na milima jirani ya moto ndiyo iliyoziba bonde zamani, ikayagawa maji. Ya kusini, ya Ziwa Kivu, hupitia Ruzizi na Tanganyika hadi mto Kongo na Atlantiki. Ya kaskazini, ya Ziwa Edward, hushuka na Semliki hadi Nili na Mediterania. Kwa mwenye nia ya kukodi boti akaone wanyama, hawa ndio vinara wa pande zote mbili.

Ziwa la juu kuliko yote. Katika Maziwa Makuu ya Afrika, Kivu ndilo linalokaa juu zaidi: mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Halina mamba wala viboko, ndiyo maana watoto wa Goma huogelea bila woga. Mwenye boti hapa atazame ndege, na akibahatika atamwona fisi maji akipiga mbizi kando ya mawe.

Hazina ya hatari kuliko zote. Katika kina cha Kivu kinachokaribia mita 485 zimelala gesi: metani na kabonidayoksidi. Maziwa ya namna hii yanayojulikana duniani ni matatu tu, na Kivu ndilo kubwa kupita Nyos na Monoun ya Kameruni. Nyos lilipofoka mwaka 1986, watu zaidi ya 1,700 walikufa. Rwanda tayari inavuta metani ya Kivu na kuzalisha umeme.

Kisiwa kikubwa na kisiwa cha karibu. Idjwi, kilichomo Kivu, ni cha pili kwa ukubwa kati ya visiwa vya maziwa ya Afrika, baada ya Ukerewe. Tchegera ni kidogo, lakini kiko karibu na Goma: ni ukingo wa kreta ya kale, umbo lake kama mwezi mchanga. Usiku mlima ukiwa macho, wekundu wake huonekana kutoka pale.

Mgeni aliyefanikiwa kuliko wote. Samaki aitwaye sambaza hakuzaliwa Kivu. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndiye kitoweo cha pwani yote. Wavuvi humfuata usiku kwa taa, wakiunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu.

Kundi kubwa kuliko yote, lililokuwa. Virunga ni hifadhi ya taifa kongwe kuliko zote Afrika, ya mwaka 1925. Katika miaka ya 1970 ilikuwa na viboko karibu 29,000, wengi wao kwenye Ziwa Edward na mito yake, idadi isiyo na mfano duniani. Vita vilileta bunduki, na bunduki zikataka nyama na meno. Kufikia 2005 walisalia chini ya 1,000. Wavuvi wa Vitshumbi, kwenye ziwa hilo, nao wakaumia, kwani kinyesi cha kiboko hurutubisha maji yanayolisha samaki.

Mahali pa uhakika kuliko pote. Ng'ambo ya mpaka, boti za Mweya, Uganda, huingia mfereji wa Kazinga, unaounganisha maziwa George na Edward. Kwa saa mbili hivi utapita viboko, nyati na ndovu wakinywa. Ukikodi boti peke yako, mwombe nahodha azime injini mbali na jike mwenye ndama, kisha usubiri.

Vita vilivyoifikia Goma Januari 2025 vimefanya safari za upande wa Kongo kuwa ngumu, basi uliza hali kabla ya kulipa. Maji, lakini, yanaendelea na safari yake. Mvua ikinyesha Kibati, hayafanyi mto. Huzama kwenye mawe meusi, yakaelekea Kivu. Ile inayonyesha nyuma ya mlima, upande wa Rutshuru, ndiyo itakayowakuta viboko waliosalia.