Ukakasi wa Mvinyo Mchanga

Mzee aliyetupokea shambani Hombolo, nje kidogo ya mji wa Dodoma, hakuanza na mvinyo. Alichuma zabibu moja nyeusi, akaiminya juu ya kiganja changu. Maji yaliyotoka hayakuwa mekundu hata kidogo, yalikaribia ya dafu. "Sasa tafuna ganda," akasema. Nikatafuna. Ulimi ukakauka papo hapo, ukagoma kuteleza kwenye kaakaa, kama mtu aliyeng'ata bibo ambalo halijaiva.

"Basi mvinyo wangu umeshauonja," akacheka.

Hakuwa anatania. Rangi ya mvinyo mwekundu imo kwenye ganda, na ule ukakasi uko kwenye ganda na kokwa. Ndiyo maana zabibu zikishapondwa, mchuzi (wenyewe Dodoma huuita hivyo, "mchuzi wa zabibu") huachwa siku kadhaa pamoja na maganda yake. Hamira hula sukari, ikatoa pombe na hewa ya kaboni dayoksaidi. Hewa hiyo huyanyanyua maganda yakaelea juu kama tandiko zito, na lazima mtu ayazamishe kwa mti mara kadhaa kwa siku, la sivyo rangi haishuki na siki inanyemelea. Asubuhi hiyo tulipita mahali pengine ambako tandiko hilo lilikuwa limesahauliwa. Harufu ilitupokea mlangoni. Kikombe nilichopewa nilikirudisha kwa adabu zote.

Kwa mzee tulionja vikombe vitatu, na hapa ndipo Dodoma inapoizidi Ulaya kwa mtu mwenye udadisi. Kule mzabibu hulala wakati wa baridi, ukazaa mara moja kwa mwaka. Hapa, nyuzi sita tu kusini mwa ikweta, hakuna baridi ya kuulaza, hivyo kalenda yake ni mkasi. Ukipogolewa unachipua, na baada ya miezi minne hivi unavunwa. Mavuno ni mawili: Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Wamisionari Wakatoliki walioanza kilimo hiki Bihawana enzi za ukoloni walikuta ardhi kavu isiyopata mvua nyingi, lakini iliyoinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari. Usiku wa huko una ubaridi, na ubaridi huo hulinda uchachu wa zabibu usiteketee kwa joto la mchana.

Kikombe cha kwanza kilikuwa cha mavuno ya mwezi uliotangulia. Zambarau iliyokolea, chenye vumbi la hamira, na kilitekenya ulimi. Mtekenyo ule ulikuwa kazi ya bakteria: wanachukua asidi ya maliki, ile ile inayolipa tufaha ukali wake, wanaigeuza kuwa asidi ya laktiki, ya maziwa mgando, na hewa inatoka. Mvinyo unapoa ukali. Mzee hajui majina hayo wala hayahitaji, anaweka sikio kwenye tangi na kusema, "Bado unaongea."

Cha pili kilikuwa cha Machi. Hewa imeisha, lakini ukakasi ulikuwa pale pale, tena bila sukari ya kuuficha. Chanzo chake ni tanini. Mate yetu yana protini zinazoufanya mdomo uteleze. Tanini huzikamata, zikagandamana, na ulimi ukabaki unakwaruza. Kwa hiyo ukakasi si ladha kama utamu au uchungu, ni mguso. Aliyewahi kunywa chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi anaujua, na anajua pia kwamba tone la maziwa huutuliza, kwa kuwa tanini hupata protini nyingine ya kushika. Mama wa nyumba ile, ambaye hakuonja hata tone, alituletea nyama ya mbuzi na chumvi. Nikarudia kikombe kile kile. Ukali wake ulikuwa umepungua nusu.

Cha tatu kilikuwa cha mwaka jana, na rangi ndiyo iliyosema kwanza. Mzee alikiinamisha juu ya gazeti: ukingoni zambarau ilikuwa imeanza kuelekea wekundu wa tofali. Kadiri siku zinavyopita, chembe za rangi na tanini hushikana zikawa minyororo, zikabadili rangi na jinsi zinavyoshika mate. Nyingine hutuama chini kama masimbi. Kilikuwa laini, na watu wengi wangekichagua hicho. Mimi nilirudi kwenye cha Machi. Cha tatu kilikuwa na heshima zake, ila cha Machi bado kilikuwa na harufu ya lile ganda nililotafuna.

Tulipoaga, mzee alinionyesha meno yangu kwenye kioo cha gari. Zambarau tupu, hadi kwenye fizi.

"Ukifika mjini usicheke," akasema, akarudi kuzamisha maganda.