MWATIKO WA BWAWANI HATAKI HARAKA

Ndugu Mkulima, kama shamba lako limepakana na hori, kama yale ya Mtwapa na Kilifi, huenda unayo sehemu ya chumvi isiyoota mahindi wala mihogo. Hapo waweza kufuga mwatiko. Msomaji wa Kinangop asijaribu, maana samaki huyu hutaka maji ya moto.

Watu wa Ufilipino na Indonesia wamemfuga kwa karne nyingi. Huvumilia maji ya chumvi nyingi na ya chumvi kidogo, lakini havumilii haraka. Mfugaji mzembe hupoteza kazi ya miezi mingi kwa alfajiri moja.

Bwawa

Usikate mikoko. Chimba nyuma yake, kwenye uwanda mtupu, baada ya kupata idhini ya ofisi ya uvuvi na ya misitu. Udongo wa huko ukichimbwa na kupigwa na hewa hutoa ukali kama wa siki. Ukiona maji ya rangi ya kutu, usitie samaki. Ingiza maji ya bahari yanapojaa, yatoe yanapokupwa, urudie mara nyingi mpaka ukali uishe. Mlango wa maji uwe na wavu wa macho madogo, ili samaki wala nyama wasiingie.

Chakula

Kausha bwawa mpaka udongo upasuke nyufa. Tawanya samadi kavu kidogo, kisha ingiza maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Baada ya siku chache utaona utando wa kijani chini. Hicho ndicho chakula cha mwatiko. Ongeza maji polepole. Ukiyajaza mara moja utando utang'oka na kuelea.

Vifaranga

Mwatiko huzaa baharini. Vifaranga huja na maji ya bamvu hadi ufukoni na vidimbwi vya mikoko, na hapo huvuliwa kwa wavu laini. Usivishike kwa mkono mkavu, kwa sababu magamba yao hutoka upesi na kidonda huingiza ugonjwa. Vichukue asubuhi, kwenye ndoo iliyofunikwa, kivulini. Ukifika, usivimwage. Tia maji ya bwawa ndani ya ndoo, kikombe baada ya kikombe, kwa muda wa nusu saa au zaidi. Kwa bwawa la chakula cha asili, kifaranga 1 kwa kila mita 2 za mraba chatosha.

Hatari mbili

Ya kwanza ni alfajiri. Usiku mimea ya majini hutumia hewa iliyomo majini. Baada ya siku za mawingu zisizo na upepo, nenda bwawani kabla ya jua. Ukiwaona samaki wamepanda juu wakitwetatweta, hawana njaa, wanakosa pumzi. Usiwape pumba wala samadi. Kama bahari inajaa, fungua mlango. Kama imekupwa, yapigepige maji kwa ndoo au tumia pampu mpaka bahari ijae.

Ya pili ni mvua kubwa. Maji ya mvua ni mepesi, hukaa juu ya maji ya chumvi kama mfuniko, na yale yanayoporomoka kutoka kwenye kuta huleta ule ukali. Ondoa ubao wa juu wa mlango ili maji ya juu yatoke na ya chini yabaki.

Kuvua

Ukimtunza hivyo, kwa kawaida baada ya miezi 6 hadi 8 mwatiko hufikia gramu 300 au zaidi. Mvue asubuhi na mapema, mtie kwenye barafu papo hapo, na umwambie mnunuzi kwamba ana miiba midogo mingi.

Basi, anza na bwawa dogo, uamke mapema, na ukiwa na shaka umwite ofisa wa uvuvi kabla samaki hawajaelea.