Kufundisha Adabu za Kula Pamoja

Mwalimu wa shule ya msingi hufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu. Lakini mzazi apimapo matunda ya shule, aghalabu hutazama kwanza jinsi mwanawe anavyoamkia wageni na anavyoketi mbele ya chakula. Adabu za kula si pambo la elimu, bali ni sehemu yake. Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwanachuo namna ya kulifundisha somo hili, na kumtahadharisha juu ya kosa moja.

Nianze na kosa lenyewe. Katika mazoezi ya kufundisha, mwanachuo mmoja niliyemsimamia alifundisha adabu za mezani katika Darasa la Tatu. Alichora ubaoni meza, kisu na uma, na watoto wakayakariri majina yote. Adhuhuri makande yakapakuliwa katika masinia, watoto watano kwa kila sinia. Mvulana mmoja akala kwa pupa, akavuta chakula cha upande wa wenzake. Mwanachuo akamwita mlafi mbele ya wote. Watoto wakaangua kicheko. Kesho yake mvulana hakusogea kwenye sinia, bali aliketi peke yake chini ya mwembe mpaka kengele ilipolia. Tulipomwuliza kwa upole, ikabainika kwamba kwao mara nyingi watu hulala bila kula. Makande yale ndiyo yaliyokuwa mlo wake wa siku.

Hapo yalikuwapo makosa mawili ndani ya moja. Somo lilihusu vyombo ambavyo watoto hawakuwa navyo, likaacha sinia lililokuwa mbele yao. Tena mwalimu hakupambanua njaa na utovu wa adabu.

Ili kuepuka hayo, hapana budi mwalimu aelewe kwanza sababu za adabu. Sababu hizo ni tatu.

Ya kwanza ni haki. Kila mlaji hula upande unaomwelekea, humega tonge la kiasi, na hasubutu kukimbilia kitoweo, ambacho kwa desturi hugawiwa na mkubwa. Kanuni hizi huwalinda wadogo na wasioweza kula haraka.

Ya pili ni usafi. Vijidudu vya kipindupindu na kuhara, pamoja na mayai ya minyoo, huweza kupita mikononi hadi kinywani. Wanawapo wote katika beseni moja, wa kwanza humwachia wa mwisho uchafu wake. Ndiyo maana desturi ya kumiminia maji ya birika juu ya mikono ni bora, na sabuni huikamilisha. Kwa sababu hiyo pia, tonge lililong'atwa halichovywi tena katika mchuzi wa wote.

Ya tatu ni heshima. Wakubwa na wageni hunawishwa kwanza, na mkubwa ndiye aanzaye kula. Mdogo haondoki kabla ya wakubwa bila kuomba ruhusa. Aliyekuta wenzake wakila hukaribishwa, na aliyeshiba hushukuru.

Sasa tuje kwenye njia za kufundishia. Maelezo matupu hayatoshi. Kwanza, waulize watoto yanayofanywa nyumbani kwao, maana desturi hutofautiana. Katika jamii kadhaa mtoto hupiga goti anaponawisha. Kwingine husimama na kuinama kidogo. Usizicheke desturi za yeyote. Pili, fanya onyesho kwa zana halisi: sinia, birika, beseni na sabuni. Kama shule haina bomba, watoto watengeneze kibuyu chirizi: dumu la lita 5 lililotobolewa karibu na mdomo, likatundikwa kwenye mti na kuinamishwa kwa kamba inayokanyagwa kwa mguu. Tatu, watoto waigize, mmoja akiwa mgeni, mwingine babu, mwingine mnawishaji, na baada ya kila igizo waulize, "Kwa nini tumefanya hivi?" Nne, zoezi la kweli lifanyike wakati wa chakula, mwalimu akila pamoja nao, kwa kuwa watoto huiga zaidi ya wanavyosikia.

Katika kupima maendeleo, usitoe mtihani wa kuandika. Tazama kwa majuma machache nani ananawa bila kuagizwa, nani anamsubiri mwenzake. Kosa likitokea, mrekebishe mtoto faraghani. Mtoto atumiaye mkono wa kushoto asipigwe wala kuaibishwa. Mweleze kwamba desturi ya kulia mkono wa kulia imetokana na kutumia wa kushoto msalani, umsaidie taratibu, na pale anapopata taabu apewe kijiko.

Namrejea yule mvulana. Mwanachuo alimwomba radhi, akamkabidhi birika ili awe mnawishaji wa sinia lake. Mpishi naye aliombwa ampakulie fungu lake katika sahani ya pembeni kwa muda. Baada ya majuma mawili sahani haikuhitajika tena; mvulana alikula sinia moja na wenzake, upande wake, bila pupa. Mtoto aliyehakikishiwa fungu lake hana sababu ya kunyang'anya la mwenzake. Basi, mwanachuo, kabla ya kumfundisha mtoto namna ya kula, jiulize kwanza kama amekula.