Kusudi, Dhamira na Tendo katika Sheria ya Jinai

Tumchukue mkulima wa Kifaru, chini ya milima ya Upare, achomaye magugu shambani. Moto wavuka mpaka na kumwua jirani aliyelala kibandani. Tendo ni moja, lakini jina la kosa hutegemea hali ya moyo wake.

Kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu chahitaji mambo mawili: tendo lisilo halali, au kuacha kutenda, lililosababisha kifo, na dhamira ovu. Kifungu cha 200 chaonyesha kwamba dhamira hiyo si kusudi la kuua tu: aliyejua kuwa tendo lake yaelekea litaua, asijali, anayo pia. Aliyezembea kupita kiasi ameua bila kukusudia. Aliyejihadhari, upepo ukamshinda ghafla, hana hatia. Nayo nia tupu, isiyozaa tendo, haiadhibiwi.

Hivyo jina lililozoeleka, "mauaji ya kukusudia", laweza kupotosha. Twapendekeza mfasiri aandike "dhamira ovu", wala asiweke "kusudi" mahali pake. Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, na adhabu ya kosa hili ni kifo. Neno likikosewa, uhai wa mtu u hatarini.