Gemu ya Bei Poa na Funguo za Kompyuta Yako

Katika maduka mengi yanayojaza filamu na muziki mijini, mteja anaweza kwenda na diski yake akajaziwa gemu kadhaa za kompyuta kwa bei ya chakula cha mchana. Pamoja na gemu, hupewa maelekezo. Kwanza, zima antivairasi. Pili, fungua faili la kusakinishia kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta. Tatu, nakili kilichomo kwenye folda ya kraki ukabandike ndani ya folda ya gemu. Wengi hufuata bila kuuliza, na kwa kuwa gemu hufunguka na kuchezeka, huona wamepata walichokitaka. Kwa sisi tunaoshughulika na usalama wa kompyuta, hatua hizo tatu ndizo hatari yenyewe.

Kraki hufanya kazi gani

Gemu halali inapowashwa kwa kawaida huhakiki kwanza kama mwenye kompyuta ameinunua. Uhakiki huo hupitia seva za duka kama Steam, au kinga iliyofichwa ndani ya gemu, kama ile ya Denuvo. Anayevunja kinga hubadilisha faili kuu la gemu, au huweka faili la kughushi mahali pa lile linalowasiliana na duka, ili gemu idanganywe kwamba imelipiwa. Matokeo yake, yaani kraki, ni programu iliyochokonolewa na mtu usiyemjua, na sahihi ya kidijitali ya mtengenezaji haiithibitishi tena.

Programu hasidi nazo hutengenezwa kwa mbinu zizo hizo. Ndiyo maana antivairasi hupiga kelele hata kwa kraki isiyo na madhara. Muuzaji anayekwambia kwamba kraki zote husomeka kama virusi anasema jambo lenye ukweli ndani yake, na wahalifu wanajificha nyuma ya ukweli huo. Onyo la kweli na la uongo yanafanana, nawe umeshaambiwa uyapuuze yote mawili. Kuzima antivairasi kisha kutoa mamlaka ya msimamizi ni sawa na kumwambia mlinzi wa geti akalale, halafu kumkabidhi mpita njia funguo za vyumba vyote.

Yaliyokwisha kutokea

Mwezi Juni 2021, kampuni ya usalama wa kompyuta ya Avast ilitangaza kugundua programu hasidi iliyoipa jina Crackonosh. Ilikuwa imesambazwa tangu mwaka 2018 ndani ya nakala haramu za gemu maarufu, zikiwemo Grand Theft Auto V, NBA 2K19, Far Cry 5, The Sims 4 na Pro Evolution Soccer 2018. Kompyuta zaidi ya 222,000 ziliambukizwa duniani, na waliohusika walijipatia zaidi ya dola milioni 2 kwa kuzitumia kuchimba sarafu ya kidijitali ya Monero.

Tazama jinsi ilivyofanya kazi. Baada ya kompyuta kuwashwa mara kadhaa, Crackonosh iliilazimisha Windows iwake katika ile hali maalumu ya matengenezo ambamo antivairasi hazifanyi kazi. Humo ilifuta kinga za mashine na kuzima masasisho ya Windows. Kisha iliweka alama ya kughushi ya usalama, yenye tiki ya kijani, pale pembeni mwa skrini ambapo mtumiaji huangalia kama yuko salama. Mashine iliyokwisha kutekwa ilimhakikishia mwenyewe kwamba mambo ni shwari.

Kisa cha pili ni cha karibuni zaidi. Februari 2025, Kaspersky ilieleza kampeni iliyoiita StaryDobry. Nakala za gemu kama BeamNG.drive, Garry's Mod na Dyson Sphere Program ziliwekwa mtandaoni tangu Septemba 2024, zikapakuliwa na kusakinishwa. Tarehe 31 Desemba, watu wakiwa kwenye sikukuu, programu ya kuchimba sarafu iliyofichwa ndani yake ikaanza kazi. Kwa hiyo anayejitetea kwamba amecheza gemu yake miezi mitatu bila tatizo hajathibitisha kitu. Uchimbaji huo ulichagua hata mashine: kompyuta ambayo prosesa yake ilikuwa na viini pungufu ya vinane iliachwa, kwa sababu haikuwa na nguvu za kutosha kumfaidi mwizi. Mwenye kompyuta nzuri ya gemu ndiye aliyelengwa.

Athari ya uchimbaji huonekana kwenye feni inayovuma mashine ikiwa haina kazi, kwenye joto linalofupisha maisha ya vipuri, na kwenye umeme wa LUKU. Wati 100 za ziada kwa saa 10 ni yuniti nzima ya umeme, na mashine inayoachwa ikiwaka mchana kutwa huila yuniti hiyo kila siku.

Wezi wasiopiga kelele

Mchimbaji wa sarafu angalau huacha dalili. Kibaya zaidi ni aina ya programu hasidi ambayo kazi yake ni kuiba taarifa, na RedLine na Lumma ni miongoni mwa zilizovuma. Hufanya kazi kwa dakika chache tu: hukusanya nywila zote ulizoruhusu kivinjari kizihifadhi, namba za kadi, pochi za sarafu za kidijitali, na zile kuki zinazokumbuka kwamba umeshaingia kwenye barua pepe au mitandao ya kijamii. Kwa kuki hizo mwizi anaweza kuingia kwenye akaunti yako bila kuulizwa nywila wala namba ya siri inayotumwa kwa simu, kwa kuwa tovuti hudhani ni wewe uliyeingia jana.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, maana kompyuta moja hutumikia nyumba nzima. Kijana anacheza gemu usiku. Asubuhi dada yake anaandikia tasnifu ya chuo mashine ileile, na jioni mama anaingia kwenye akaunti ya benki au anajaza taarifa za kodi za biashara. Flashi iliyochomekwa humo huenda steshenari kuchapisha kazi, kisha ofisini. Aliyekubali maelekezo ya muuzaji ni mmoja, lakini amekubali kwa niaba ya wote, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa.

Gemu yenyewe huwa pungufu

Tuchukulie nakala haikuja na kirusi. Bado mnunuzi amepata kitu kilichosimama. Gemu za siku hizi hutoka zikiwa na kasoro nyingi na hurekebishwa kwa miaka. Cyberpunk 2077 ilipotoka Desemba 2020 ilikuwa na hitilafu nyingi kiasi kwamba Sony iliiondoa kwa muda kwenye duka la PlayStation. Toleo la 2.0 la Septemba 2023 liliubadilisha mfumo wa ujuzi wa mhusika na namna polisi wanavyomfuatilia. Aliyeinunua kihalali alipata mabadiliko hayo bila malipo. Mwenye nakala ya mtaani hubaki na toleo alilojaziwa, na akitaka jipya inambidi arudi kuchukua kraki mpya, yaani aicheze upya bahati nasibu ileile ya usalama. Kucheza na wengine kupitia seva rasmi kwa kawaida hakuwezekani.

Kuna pia njia inayoonekana halali: kununua namba za kuamilisha gemu kwenye masoko ya mtandaoni ambako yeyote anaweza kuuza. Baadhi ya namba hizo hununuliwa kwa kadi za benki zilizoibwa. Januari 2015, Ubisoft ilifuta namba za Far Cry 4 zilizopatikana kwa njia hiyo, na baadhi ya walionunua wakazikosa gemu walizokwisha kuzilipia. Mwaka 2020, soko la G2A lilikubali kuilipa studio ya Wube, watengenezaji wa Factorio, karibu dola 40,000 baada ya kuthibitika kwamba namba 198 za gemu hiyo zilizouzwa sokoni humo zilikuwa haramu.

Mnunuzi wa nakala haramu hana pa kulalamikia. Nchini Tanzania programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Hakuna atakayekuandikia risiti ya kitu ambacho yeye mwenyewe haruhusiwi kukiuza.

Bei ni kikwazo cha kweli

Sitawahubiria vijana kana kwamba pesa si tatizo. Gemu mpya kubwa huuzwa dola 60 hadi 70, na kuipakua kunaweza kuhitaji gigabaiti mia moja. Kwa kijana anayenunua bando kidogo kidogo, duka la kujaza diski linatatua matatizo mawili kwa mkupuo. Ila njia nyingine zipo, na wengi hawajaambiwa.

Epic Games Store imekuwa ikitoa gemu za bure mara kwa mara tangu Desemba 2018, na ukishazichukua zinabaki kwenye akaunti yako. Dota 2, Counter-Strike 2 na Fortnite ni za bure. Steam hupunguza bei mara kadhaa kwa mwaka, na gemu za miaka mitano nyuma huweza kushuka hadi dola chache. Mashine yako isipoiweza gemu, Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na kabla hujacheza saa mbili. Kuhusu bando, tangu mwaka 2023 Steam inaruhusu gemu kuhamishwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa mtandao wa ndani, kwa hiyo marafiki wawili walioinunua wanaweza kuipakua mara moja tu. Na kwa asiye na kadi ya benki, nchini Kenya M-Pesa ina kadi pepe ya Visa tangu 2022.

Hata penye mazoea ya nakala haramu watu huweza kujifunza kulipa: Poland ilikuwa soko lililojaa nakala hizo katika miaka ya 1990. Kampuni ya CD Projekt, iliyoanza mwaka 1994 kwa kuuza gemu za wengine, ilileta Baldur's Gate mwaka 1999 ikiwa imetafsiriwa kwa Kipolandi, kwa sauti za waigizaji wa nyumbani, ndani ya boksi lenye ramani na vitu vingine ambavyo nakala za sokoni hazikuwa navyo. Watu walinunua. Kutokana na wateja hao ilizaliwa studio iliyotoa The Witcher mwaka 2007, na baadaye hiyo Cyberpunk 2077. Afrika nayo ina watengenezaji: Kiro'o Games ya Kamerun ilitoa Aurion mwaka 2016. Studio za namna hiyo zitakua pale tu wachezaji wa hapa watakapozoea kulipa, hata kama ni dola tatu wakati wa punguzo.

Kama umeshasakinisha

Tumia simu au kompyuta nyingine iliyo safi kubadilisha nywila zako, ukianza na barua pepe na benki, kisha chagua kuondoka kwenye vifaa vyote ili kuki za zamani zife. Hifadhi nyaraka na picha pekee, si faili za programu. Halafu futa diski na usakinishe Windows upya, kwa sababu kuifuta gemu hakukiondoi kilichokwisha kujichimbia humo. Mwisho, waambie wote wanaoitumia mashine hiyo, maana nywila zao nazo zilikuwa humo.